Tarehe ya Spoki

Baba yangu alikuwa karani wa gereza kwa miaka ishirini na tisa, na jina lake halisi hakuna aliyelitumia. Alikuwa Kalenda. Wafungwa walimwita hivyo, askari walimwita hivyo, na mama akitaka kumchokoza alimwita hivyo mbele ya wageni. Alijifanya kukasirika, lakini alilipenda jina lile mno, na sisi tulijua.

Watu wakisikia gereza wanafikiria kuta na bunduki. Mimi nimekulia nyuma ya ukuta huo, kwenye nyumba za watumishi, na ninawaambia gereza linaendeshwa kwa karatasi. Mtu akishushwa kwenye lori, kabla yake inapokelewa hati yake kutoka mahakamani. Karani anaigonga muhuri, anaandika kwenye rejesta kubwa kosa na urefu wa kifungo, anaondoa theluthi moja ambayo mwenye tabia njema husamehewa, halafu anaandika tarehe ya kutoka. Tarehe hiyo inaamua mtu alale bweni gani, afanye kazi ndani au nje, na siku gani afunguliwe lango. Hata mkuu wa gereza, na nyota zake zote mabegani, hakuwa na ubavu wa kumtoa mtu siku moja kabla ya tarehe aliyoiandika baba.

Baba alizikokotoa kichwani, akiwa amesimama. Unamtajia kifungo na siku kilipoanza, naye anakupa tarehe, na siku ya wiki juu yake. Nilijivunia jambo hilo kupita kiasi. Walimu wenzangu shuleni nilikofundisha walishachoka kunisikia.

Sasa Spoki. Huyu alikuwa fundi baiskeli, mrefu, mwembamba, mtu wa kucheka haraka. Alinunua baiskeli mbili za wizi akijua fika ni za wizi, na sitamtetea. Zilikuwa kesi mbili kwa sababu wenye mali walikuwa wawili. Hakimu alimpa miaka mitatu kwa kila kesi na kuagiza vifungo vyote viwili vitumikiwe kwa pamoja. Ukiondoa theluthi, mtu anakaa miaka miwili, anarudi kwao.

Ila karani wa mahakama nafasi ilimwishia. Agizo la hakimu akaliandika nyuma ya hati ya pili, na pembeni chini, kwa herufi ndogo, akaweka "tazama nyuma". Baba alipoipokea hati ile aligonga muhuri wake palepale, juu ya maneno hayo. Hakuigeuza. Akajumlisha mitatu na mitatu, akaondoa theluthi, akaandika minne.

Kila Jumatano ilikuwa siku ya malalamiko. Mwenye neno alipanga mstari mbele ya meza ya mkuu wa gereza, na baba aliketi kando na rejesta yake. Spoki alisimama pale Jumatano tano.

"Afande, hakimu alisema vinakwenda pamoja."

"Hakimu alisema, karatasi haisemi," baba alimjibu. "Kati yangu na wewe, nani anajua kusoma?"

Spoki hakujua kusoma. Mstari mzima uliangua kicheko. Nayajua haya kwa sababu baba alitusimulia wakati wa chakula cha mchana, akiigiza na sauti ya Spoki, nami nilicheka mpaka nikapaliwa. Hadi leo nikikumbuka kicheko changu uso unaniwaka.

Mwezi wa tatu, miaka miwili kamili tangu Spoki afungwe, mama yake alikuja langoni. Naye hakujua kusoma, lakini alikuwepo mahakamani, akamsikia hakimu kwa masikio yake, akahesabu miezi kwa vidole. Alibeba mfuko wenye suruali na shati vilivyopigwa pasi, na ndala mpya. Askari wa lango akamwita baba dirishani.

"Mwanangu, leo ndiyo siku yake," yule mama alisema.

"Bado miaka miwili, mama. Mwanao amekudanganya."

Alikaa kwenye benchi la wageni mpaka saa nane mchana, kisha akaondoka na mfuko wake. Mwezi wa nane alifariki. Spoki aliomba ruhusa ya kwenda kuzika, wakamnyima, kwa kuwa mfungwa aliyebakiza zaidi ya mwaka alihesabiwa kuwa anaweza kutoroka. Na nani aliyeandika kwamba amebakiza zaidi ya mwaka? Ndiyo hivyo.

Mei ya mwaka uliofuata ilikuja habari ya ukaguzi. Pini za mafaili zilikuwa zimeshika kutu, mkuu akaamuru zote zing'olewe na hati zifungwe kwa kamba. Baba aliing'oa ya Spoki, karatasi ikamponyoka, ikaanguka sakafuni upande wa nyuma ukiwa juu. Akainama kuiokota, na palepale alipoinama akausoma mwandiko wa karani wa mahakama.

Miezi kumi na minne ya ziada. Baba hakuhitaji kalamu kuijua.

Alikwenda kwa mkuu wa gereza, naye mkuu akafunga mlango. Tukiripoti makao makuu, alisema, unga wako umemwagika, na wangu unafuata. Atoke leo hii, aambiwe wewe ndiye uliyemhangaikia. Kabla ya saa sita mchana Spoki alikuwa langoni na nguo zake za zamani zikimpwaya, ameushika mkono wa baba kwa mikono yake miwili, analia machozi ya shukrani. Baba, mtu mzima na mvi zake, akazipokea. "Nenda salama," alimwambia.

Basi Spoki akawa mtu wa nyumbani kwetu. Wiki ya kwanza tu aliichukua baiskeli ya baba, iliyokuwa ikilia kila kona, akairudisha inang'aa kama ya dukani. "Mzee, kuitengeneza hii mpaka naingia kaburini ni bure." Mama alimpakulia chakula. Mimi nilikwenda shuleni kutangaza kwamba baba yangu amempigania mfungwa hadi akatolewa. Baba yeye akaanza kwenda kazini kwa miguu. Alisema daktari amemshauri, yeye ambaye tangu nimjue hajawahi kumtii daktari hata kwa vidonge vya kichwa. Tulimtania. Hakucheka, na sisi vichwa vyetu vizito hatukujiuliza.

Jumapili moja, mezani, Spoki alisema ana ombi. Kaka yake alikuwa na duka la saruji na nondo mkabala na banda lake la baiskeli, na tangu Spoki atoke gerezani kaka huyo hakuwahi kuitikia salamu yake. Alisema Spoki alimdanganya mama yao tarehe, akamtembeza bure mpaka langoni, akamuua kwa aibu. Na kama kweli angekuwa na tabia njema angetoka mapema, amzike mzazi wake kama watu.

"Njoo Jumamosi umwambie nilikuwa na adabu, Mzee. Wewe ni mtu mkubwa. Wewe atakusikia."

Baba alisema atakuja. Kisha akainuka, akaiacha sahani yake imejaa.

Alasiri, Spoki alipokwisha ondoka, baba alitueleza yote mimi na mama, huku anaitazama miguu yake. Mama ndiye aliyepata sauti kwanza.

"Umebakiza miaka miwili ustaafu. Nyumba hii ni ya serikali, tutatupwa nje na vyombo vyetu. Nenda Jumamosi, sema alikuwa na adabu. Si uongo."

Na mimi, mwalimu ninayewaandikia watoto wa watu maneno ya ukweli na uaminifu ubaoni, nilisema mama yuko sahihi. Nilisema Spoki ameshatoka, ya nini kuchimbua. Baba aliniangalia kidogo tu. Nadhani alitegemea mmoja wetu aseme vingine.

Jumamosi aliniomba nimsindikize. Tulikwenda kwa miguu hadi bandani. Spoki alitufutia stuli kwa tambara la grisi, akaanza kunyoosha shingo kuangalia kama kaka yake yumo dukani. Alikuwemo, anawahesabia wateja mifuko ya saruji.

"Usimwite kwanza," baba alisema. "Nina neno na wewe."

Akamwambia. Hakuzunguka, namshukuru kwa hilo. Alisema hakimu aliagiza, hati iliandikwa, mimi sikuigeuza, ulitakiwa kutoka Machi ya mwaka jana. Spoki alikuwa ameshika rimu ya baiskeli. Aliendelea kuizungusha taratibu, kama anatafuta ilipopinda.

"Machi," alisema. "Mama alipokuja na nguo."

"Hakukosea siku."

"Na wewe ulimwambia nini pale dirishani?"

Baba akamjibu: "Nilimwambia umemdanganya."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilitaka Spoki amtukane, ampige na ile rimu, lolote tuondoke. Aliitundika rimu ukutani, akafuta mikono.

"Niandikie," alisema.

Baba alijua karatasi ile itafika wapi. Karatasi za namna hiyo huanzia kwa kaka, zikaenda kwa wakili, zikaishia makao makuu. Alinyoosha mkono kwangu, nikampa daftari langu la maandalio na kalamu. Akaandika nusu ukurasa kwa mwandiko wake mzuri, akatia sahihi. Spoki hata hakuitazama, alinipa mimi.

"Nisomee, mwalimu."

Nikasoma. Tarehe zilikuwa sawa zote, na siku za wiki. Nikafika mahali palipoandikwa, "kutokana na kosa la ofisi".

"Ofisi ni nani?" Spoki aliuliza. Hakuwa na ukali, alikuwa anataka kujua kweli. "Maana Jumatano zote tano nilisimama mbele ya mtu."

Baba aliichukua karatasi mkononi mwangu. Alikata mstari ule, akaandika juu yake, na safari hii mwandiko haukuwa mzuri. Chini akaweka cheo chake na majina yake yote matatu.

Spoki akatoka hadi ukingoni mwa barabara, akaita jina la kaka yake. Yule bwana akainua kichwa. Wateja nao wakageuka.

"Soma tena," Spoki aliniambia. "Kwa sauti, wale wa kule wasikie."

Nilisoma. Nilisoma kwa sauti ninayoitumia darasani, kwa kuwa sina nyingine, na kila sentensi niliona aibu upya: kwa ajili ya yule mama na mfuko wake, na kwa kicheko changu, na kwa vile Jumapili ile nilimwambia baba anyamaze. Kaka yake Spoki aliacha kuhesabu mifuko. Nilipofika chini kabisa, penye majina, sauti ilinikatika. Baba akayataja mwenyewe, yote matatu, kwa nguvu, mpaka ng'ambo ya barabara wakasikia.