Kiti Kisicholala

Zefania wa Mwankoko alikuwa fundi hodari mwenye kichwa kisichojua mila. Useremala alifundishwa misheni. Mila alipaswa kufundishwa na baba yake, naye baba alifariki Zefania angali mdogo, na mtu hawezi kurithi asichoambiwa.

Mwaka ule wa hamsini na moja alikuwa anamposa Martina, binti wa mzee Gaspari wa Unyambwa. Mzee hakukataa wala hakukubali. Kila alipoulizwa alijibu, "Tutaona." Neno hilo lilimkosesha Zefania usingizi na hamu ya ugali.

Sasa, Zefania aliwahi kupewa kazi ya kukarabati kiti cha kukunja cha Bwana Shauri, yule ofisa wa Kiingereza aliyekuja barazani kila baada ya mavuno. Alikifungua, akakifunga, akakifungua tena, mpaka siri yake yote ikamwingia. Akakumbuka magoti ya mzee Gaspari, jinsi alivyoguna kila alipoinuka kwenye kigoda. Basi akachagua mbao za mninga, akazipiga randa mpaka zikang'aa, akazifunga kwa pini moja ya chuma. Kiti kikatoka kizuri kuliko cha Mzungu, na hilo nalisema bila aibu.

Akakibeba begani hadi Unyambwa. "Shikamoo, baba," akasema, akakilaza chini mbele ya mzee kikiwa kimekunjwa, ili akikunjue kwa madoido. Hakupata nafasi. Mama Klara, mke wa mzee, alipiga yowe, majirani wakaja mbio. Kumbe kwa ukoo ule, mwenye nyumba akifa, kiti chake hulazwa chini mlangoni. Kijana amekuja kuposa, naye ametangaza msiba wa mkwewe, huku mkwe mwenyewe yu hai, anatafuna kiazi!

"Ondoa," alisema Gaspari. "Mimi bado napumua."

Zefania alirudi akilia njiani, mtu mzima na ndevu zake. Martina alimkimbilia, akamfikia penye mtama.

"Baba hajakichukia kiti," alisema. "Nimemwona anakitazama kwa wizi. Amechukia kulala kwake."

Maneno hayo Zefania alikwenda nayo karakana. Wiki tatu alikata, akatupa, akakata tena. Mwishowe akaipa miguu nyayo pana, akarudi Unyambwa, akakisimamisha kiti uani kikiwa kimekunjwa. Akasogea nyuma. Upepo ukavuma, kuku wakapita katikati, kiti kikabaki wima.

"Baba, hiki hakilali. Hata kikifungwa, kinasimama."

Gaspari alikisukuma kwa fimbo. Kikayumba, kikatulia. Akakisukuma tena, safari hii kwa hasira kidogo. Kikatulia.

"Tutaona," akasema, akakiingiza ndani. Zefania akarudi kwao bila jibu, roho juu.

Siku ya baraza ilipofika, wazee walikaa chini na Bwana Shauri kitini, kama kawaida. Gaspari akaja amechelewa, kiti kwapani. Akakikunjua, akaketi, akamtazama Mwingereza macho kwa macho. Bwana Shauri akasahau habari ya kodi. Alikizunguka kiti, akakipapasa, kisha akasema kupitia kwa karani kwamba anataka kukinunua, akipeleke kwao Uingereza kiwekwe mahali watu wanapotazama vitu vizuri. Mzee ataje bei yoyote.

Zefania alikuwa amesimama nyuma ya umati, akiyasikia yote. Zawadi ya mposaji ikiuzwa, posa imekataliwa. Hilo sasa alilijua.

Gaspari aliinuka, safari hii bila kuguna. Akakikunja kiti, akakisimamisha ubavuni pake, akaweka mkono juu yake.

"Mwambie hakiuzwi," alimwambia karani, kwa sauti iliyofika mpaka nyuma. "Nimetengenezewa na mkwe wangu."

Zefania aliketi palepale mavumbini.