Uso wa Mrushaji

Mwaka wangu wa pili Durban sikuwa na wazo jingine ila beisboli. Nilitoka Tanga kuja kusoma, nikapanga chumba mtaa wa Glenwood na Mkongo mmoja aliyefanya kazi saluni. Siku moja nikipita uwanjani niliwarudishia wachezaji mpira uliotoka nje, na kocha wao, Mhindi mstaafu, akaniuliza mkono ule nimeupata wapi. Nikamwambia nilikuwa nikifukuza ngedere kwa mawe shambani kwa bibi.

Mrushaji husimama katikati ya uwanja peke yake, macho yote kwake. Kurusha nilikushika upesi. Muda uliobaki kocha alinifundisha uso.

"Ukipigwa, uso huohuo. Ukishinda, uso huohuo. Mpigaji akijua unachohisi, umekwisha."

Nikafanya mazoezi nyuma ya nyumba. Mwenzangu alivaa glovu, akadaka mipira huku akinitukana kwa Kifaransa na Kilingala ili nicheke. Mwishowe nikawa sicheki. Nilitaka beisboli iwe kazi yangu, na kazi hiyo ilikuwa Marekani. Kwa hiyo kocha aliposema Mmarekani anakuja Jumamosi kutafuta wachezaji, nililala mapema wiki nzima.

Jumamosi asubuhi simu ya ukumbini ikalia. Alikuwa mjomba, mwenye duka la nguo Isipingo.

"Mdogo wako ametutoka," alisema. "Homa tu. Walidhani ni malaria."

"Wanazika lini?"

"Leo, baada ya adhuhuri. Usihangaike mjomba, hata kwa ndege hutawahi. Njoo jioni tumsomee."

"Nitakuja."

Nikakata simu, nikarudi chumbani kuvaa soksi.

"Iko nini?" mwenzangu aliuliza.

"Mdogo wangu amefariki."

"Na unavaa viatu ya mchezo?"

"Majaribio ni saa nne."

Alinitazama mpaka nikamaliza kufunga kamba. "Mon frère, ndugu yangu, kaa kwanza. Kaa hata kidogo."

Sikukaa. Alichukua begi langu, tukaondoka pamoja. Kwenye robot, kama wanavyoita huko taa za barabarani, ya kijani ikawaka na mimi nikabaki nimesimama, hadi akanivuta mkono tukavuka.

Sijawahi kurusha vile, kabla wala baada. Mpira ulikwenda pale nilipoutaka. Wapigaji walizungusha gongo hewani, wakaondoka wakitikisa vichwa. Zamu yangu ya mwisho ilifika mchana, na nilijua kwamba saa ile huenda wanamtoa ndani. Nilijua kama mtu anavyojua kwamba mji mwingine mvua inanyesha.

Mmarekani alikuwa nyuma ya wavu na kifaa chake cha kupima mwendo wa mpira. "Huyu hana hofu," alimwambia kocha. Kisha akanigeukia. "Umefurahi?"

"Ndiyo," nikasema.

Kocha akanikumbatia. Juu ya bega lake nilimwona mwenzangu kwenye benchi, begi langu limelala mapajani mwake, akilia waziwazi. Naye hakuwahi kumwona mdogo wangu hata kwa picha.

Jioni, dukani kwa mjomba, meza za nguo zilisogezwa ukutani na mikeka ikatandikwa. Tukasoma. Baadaye mjomba alinimiminia chai, akauliza chinichini majaribio yalikwendaje.

"Wamenichukua."

"Alhamdulillahi," alisema, kisha akatazama pembeni kama aliyekosea.

Akapiga simu nyumbani Tanga, akanipa mkono wa simu. Mama aliuliza kama nimekula. Nikasema nimekula.

"Sauti yako nzima kabisa," alisema. "Mpaka inaniogopesha."

Nikamuuliza kama mvua zimeanza.

Nilicheza Marekani misimu miwili, katika mji mdogo wenye baridi, ligi ya chini kabisa. Kocha wa huko alinisifu kwa utulivu wangu na kuwaambia vijana wengine waniige. Kisha kiwiko kikaharibika, nikapasuliwa, wakaniacha. Hilo nalo lilipita hivyohivyo. Nilikunja nguo zangu, nikamshukuru kila mtu.

Niliporudi Tanga mama alinipeleka makaburini. Alinionyesha mahali, akasoma, akafuta macho kwa ncha ya kanga. Nilisimama kando yake nikingoja kitu kije. Majani yalikuwa yameanguka juu ya kaburi. Mama akanipa fagio, nikafagia taratibu hadi udongo ukaonekana, kisha nikamuuliza majani niyatupe wapi.