Mkate Usiofika Mzima

Mle saluni tulikuwa wanne, na niwataje kwanza ili msije mkanichanganya. Alikuwepo mwenye saluni, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, ambaye kabla ya kuja Johannesburg aliishi miaka mingi Ufaransa, katika mji wa Lyon, akisuka watu nywele. Alikuwepo mshonaji, mzee wa Bujumbura, aliyepangishwa pembe ya dirishani yeye na cherehani yake. Hawakuwa na udugu wowote na mwenye saluni, isipokuwa ule wa kugombana kila siku. Alikuwepo mwanangu wa kiume, dereva, ninayekaa kwake hapa Johannesburg, mtaa wa Rosettenville, aliyekuwa akipita jioni kunichukua. Na mimi mwenyewe, mwanamke wa Tanga, mama yake huyo dereva. Wa tano hakuwepo, lakini ndiye aliyetukusanya: binti yangu, dada yake dereva, aliyeolewa huko huko Lyon, na wakati huo alikuwa na mimba ya pili.

Majina yao yote ninayo. Hata jina la marehemu mama yake mshonaji ninalo, alinitajia siku moja huku akipiga pasi kola. Shule nimeishia darasa la nne na mengi yamenipita, lakini jina likishaingia kwangu halitoki. Hapa siyaandiki tu, kwa sababu jina la mtu ni lake, na sikumwomba hata mmoja.

Mimba ya kwanza ya binti yangu ilipita bila mimi. Siku aliyotoka hospitali nilimpigia simu nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba, nikamuuliza amekula nini. Akasema, "Mkate, mama. Mkate na maziwa ya friji." Sasa, kwetu Tanga aliyezaa haachwi peke yake wala halishwi cha baridi mpaka arobaini iishe. Anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa tumbo kwa kanga, anakunywa uji wa pilipili manga mpaka jasho limtiririke mgongoni, na mwenye kazi hiyo ni mama yake. Nami, mama yake, nilikuwa nimeshika simu Rosettenville, mvua ya mawe inapiga bati, siwezi hata kumchemshia maji. Nikajiapia kimya kimya kwamba wa pili hatazaliwa nikiwa mbali.

Kwa hiyo aliposema amepata tena, na kwamba daktari amemtaka alale kitandani miezi ya mwisho, nikamwambia mwanangu naenda.

"Mama, tuongee taratibu," akasema. "Shemeji anatoka alfajiri, mtoto anampeleka kwa mlezi, wanarudi magharibi. Dada haruhusiwi kushuka ngazi. Dukani atakwenda nani?"

"Mimi."

"Kwa lugha gani?"

"Nitaonyesha kwa kidole."

"Hapa hapa Joburg ulikosea taksi ukashuka Kensington. Ukamuuliza mtu njia kwa Kiswahili, akakujibu kwa Kizulu, mkaongea mpaka nikaja kukuchukua. Eish, mama."

Kweli tuliongea, na alikuwa mtu mzuri sana, watoto wake wote alinitajia. Lakini nilielewa mwanangu anaogopa nini. Aliogopa nipotee, halafu dada yake aliyekatazwa hata kusimama ashuke kunitafuta. Akasema siku atakayoniona nimeingia dukani nikatoka na mkate, kwa Kifaransa, bila mtu kunishika mkono, ndipo atakata tiketi. Kabla ya hapo, hapana.

Mwenye saluni alisema hilo ni dogo.

Alikuwa akiniweka chini ya draya hata kama nywele zangu hazijalowa, kwa sababu alidai pale ndipo ninapotulia. Nafumba macho. Upepo wa moto unavuma masikioni na sauti yake inanijia kama inatoka chumba cha pili. Nje ilikuwa majira yale mijakaranda inapomwaga maua ya zambarau juu ya magari na juu ya watu, na harufu yake ilichanganyika na mafuta ya nywele. Hapo ndipo mji ule ulipoanza kunijengekea. Aliniambia una mito miwili inayokwenda sambamba mpaka inakutana, na mmoja maji yake ni ya kijani kama chupa. Nikauweka mto. Aliniambia juu ya mto kuna madaraja, na asubuhi ukungu unakaa chini ya daraja kama mtu aliyelala. Nikaliweka daraja, nikasimama juu yake.

"Umepanda tramu sasa, mama," anasema. "Unafanya nini?"

"Naitia tiketi kwenye kile kisanduku mpaka kilie."

"Na ukiwa nayo mkononi hujaitia?"

"Ni kama sina. Wakija wakaguzi natozwa faini."

"Na ndani ya tramu unaongea namna gani?"

"Polepole, kama msikitini."

"Vizuri. Shuka, twende sokoni."

Sokoni ndiko tulikokosana. Aliniambia nisibonyeze nyanya. Nimwambie muuzaji nazipika leo au kesho, naye atanichagulia.

"Na akinichagulia zilizooza?"

"Hatakuchagulia zilizooza, mama."

"Unamjua?"

"Na bei usiombe kupunguziwa."

"Sasa hilo ni soko gani?"

Mshonaji akasimamisha cherehani. "Dada, sikiliza mimi. Kubwa ni salamu. Usiseme bonjour kavu. Bonjour, madame. Bonjour, monsieur. Usiposalimia kwanza, hata ukiwa unaungua moto hawakupi maji."

"Wewe Lyon umeijulia wapi?" akauliza mwenye saluni. "Si hujawahi kuvuka hata bahari."

"Kifaransa ni kimoja. Mimi nimefundishwa na mapadri. Wewe umeokota kwenye vituo vya basi."

"Na vituo vya basi ndivyo anavyokwenda kutumia. Kwani anakwenda kusoma misa?"

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, katikati ya ugomvi wao. Kwamba duka la dawa lina msalaba wa kijani unaowaka, hata asiyesoma anauona. Kwamba Jumapili ninunue mapema, kwa sababu mchana mji unafunga milango na kulala. Kwamba mgahawani niombe maji ya karafu, yaani ya bomba kwenye jagi, hayo hayalipiwi. Nikisema maji tu naweza kuletewa ya chupa. Kwamba mkate usiwekwe mezani kichwa chini, wazee wao hawapendi. Nikawa nikiosha vyombo navuka daraja. Nikianua nguo nyuma ya nyumba nasikia tramu inapiga kengele, na nilikuwa nasogea ipite. Mwanangu alinikuta hivyo siku moja, nimesimama na shuka mkononi, akaniuliza nasubiri nini. Nikaikunja shuka.

Jambo moja tu nililikataa. Mwenye saluni alisema mkate wao mrefu, baguette, haufichwi kwenye mfuko. Unazungushiwa karatasi katikati, unaukumbatia, na ukitoka tu mlangoni unavunja ncha, unaila huku unatembea.

"Nile njiani?" nikasema. "Mimi?"

"Kila mtu anakula, mama. Mkate ukifika mzima nyumbani, watauliza una nini leo."

"Waulize."

Kwetu mtu mzima haonekani akitafuna barabarani. Marehemu mama alinitia hilo kabla sijaota meno ya pili, na sikuwahi kulivunja. Nilipokuja huku kwa basi kutoka Tanga, nilikuwa kila nikitaka kula nageukia dirisha, najifunika mtandio, natafuna kama mwizi.

Siku ya mtihani, saluni iligeuzwa duka la mikate. Mshonaji akawa mwokaji, meza ya cherehani ikawa kaunta, na nywele za bandia zikapangwa juu yake kuwa mikate. Mwanangu alikaa kwenye kiti cha kuoshea nywele, mikono kifuani. Mimi nikatoka nje, nikajivuta kidogo, nikaja mlangoni.

"Bonjour, monsieur," nikasema.

Mshonaji alikuwa ameinama, anajifanya anahesabu chenji. Hakujibu.

"Bonjour, monsieur."

Akaendelea kuhesabu.

"Bonjour, monsieur," nikasema mara ya tatu, kisha nikageuka nikaondoka zangu. Nilikuwa nimeshafika mbele ya spaza, kiduka cha jirani, wakati mwenye saluni aliponikamata kwa kanga.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Hajaniitikia. Nimepiga hodi tatu."

Waliokuwa ndani walicheka, mshonaji mpaka akavua miwani. Mwanangu hakucheka. Alisema taratibu, kama anavyosema na watoto, "Mama, kule ni baridi. Utasimama mlangoni kwa watu usubiri karibu ambayo haiji, urudi mikono mitupu, na dada yupo ndani anakungoja na njaa."

Nililiona. Nilimwona binti yangu kitandani na maziwa ya friji. Nikakaa chini ya draya ambayo haikuwaka, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatwa kwa zamu yake, na mwenye saluni akaja kuchuchumaa mbele yangu.

"Sikiliza, mama. Pale mlango wa duka hauna hodi. Ukishasema bonjour umeshajikaribisha mwenyewe. Unasema, unaingia. Hukumvunjia mtu heshima. Ukibaki mlangoni, ndipo wanakushangaa."

"Kujikaribisha mwenyewe," nikasema.

"Ndiyo. Ni vigumu, najua. Mimi nilipofika kule nilitembea wiki nzima na njaa."

Jumamosi iliyofuata mwanangu alinipeleka Kensington, penye duka la Mkongo anayeoka mikate mirefu. Hilo lilikuwa wazo la mwenye saluni: duka la kweli, na mtu asiyenijua. Mwanangu aliegesha ng'ambo ya barabara, karibu na roboti, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, akashusha kioo.

Nilifika mlangoni. Miguu ilitaka kusimama kama ilivyozoea, nikaiambia iende. "Bonjour, monsieur," nikasema nikiwa tayari nimeshaingia. "Une baguette, s'il vous plaît."

Mwenye duka aliutazama mtandio wangu, akaitazama kanga. "Mama, si wewe uko wa Tanzania? Juu ya nini unanisumbua na Kifaransa asubuhi yote hii? Karibu, sema tu."

Karibu yenyewe ilikuja, siku ambayo siihitaji. Ulimi ulitaka kuteleza nimwamkie vizuri, nimuulize kwao ni wapi, mama yake anaitwa nani. Dirishani nilimwona mwanangu anatazama.

"Une baguette, monsieur."

"Niko na mkate wa siagi pia."

"Une baguette. Merci."

Akacheka, akanifungia karatasi katikati. "Haya, madame. Au revoir, na usalimie Tanga."

Nikatoka. Mkate ulikuwa bado wa moto, unanipasha ubavuni kama mtoto aliyelala. Maua ya zambarau yalikuwa yamejaa njia, yananata kwenye soli. Sijui hata sasa nilikuwa barabara gani, hii ya Kensington au ile ya kichwani kwangu yenye mto wa kijani. Nilivunja ncha. Ilitoa sauti, nikaitia mdomoni, nikatembea. Watu walipita, hakuna aliyegeuka. Nilifika kwenye roboti, nyekundu, nikasimama pamoja na watu nikitafuna mpaka ikawa kijani, nikavuka nikitafuna.

Mwanangu alishuka garini. Alinitazama kama mtu aliyemwona mgeni amevaa nguo za mama yake.

"Mama, unakula njiani."

"Ndiyo."

"Mbele za watu."

"Ndiyo. Kata tiketi."

Aligeuka akaanza kufuta kioo cha gari ambacho hakikuwa na vumbi. Baadaye akanifungulia mlango.

Lyon nilifika miti haina jani, na mto ulikuwa wa kijani kweli. Niliuamkia kwa moyo kama mtu niliyekwisha kujuana naye. Asubuhi ya kwanza nilishuka ngazi peke yangu, nikaenda kwa mwokaji wa mtaa wao, mwanamke mwenye mashavu mekundu. Nikasema, nikaingia, nikapata. Ncha niliila nikiwa juu ya daraja, ukungu umelala chini yake.

Ufunguo wa nyumba nilikuwa nao, lakini nilipofika mlangoni mwa chumba cha binti yangu nilisimama. Pale hapakuwa dukani.

"Hodi," nikasema.

"Karibu, mama," akasema kutoka kitandani, na sauti yake ilichelewa kidogo, kama mtu anayelitafuta neno alilolihifadhi mahali.

Akauona mkate. "Ncha iko wapi?"

"Nimeila."

"Umeilia wapi?"

"Njiani."

"Wewe?" Alicheka huku ameshika tumbo kwa mikono miwili, mpaka nikamwambia atulie, asije akamwamsha aliyelala humo. Akavunja ncha ya pili, tukaila nusu kwa nusu.

Mtoto alikuja salama. Siku waliyorudi kutoka hospitali, maji yalikuwa jikoni yanachemka, kanga imekunjwa, na uji wa pilipili manga unafuka. Binti yangu alikaa, akaunyooshea mkono mkate uliokuwa mezani. Nikausogeza mbali.

"Uji kwanza," nikamwambia.

Hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Ya kumwambia muuzaji nyanya nazipika leo au kesho huenda yalisemwa na mshonaji, si mwenye saluni, nao hadi leo kila mmoja anadai ni yake. Na binti yangu ananiambia kati ya nyumba yao na duka la mikate hapana daraja lolote, hapajawahi kuwa nalo. Mimi nalikumbuka daraja. Mwenye kujua anisahihishe, nitashukuru, ila tu asiniambie kwamba sikula.