Safari ya Nairobi Aliyoikataa Mama Esta

Mtaani Magomeni, Mtwara mjini, wanaomwita Veronika kwa jina lake ni walimu wenzake tu. Wengine wote, kuanzia muuza samaki hadi fundi cherehani wa barazani, humwita Mama Esta. Mgeni akisikia hivyo huuliza Esta yuko darasa la ngapi. "Alitangulia," Veronika hujibu. Mgeni huinamisha macho, kisha mazungumzo huhamia kwenye mvua.

Esta alizaliwa wakati baba yake, Mathayo, akiwa afisa forodha Kilambo, pale watu wanapovukia Ruvuma kwenda Msumbiji. Alikuwa mtoto wa kelele. Aligombana na mbuzi, aliamrisha kuku, na wavukaji walimjua kwa jina. Akiwa na miaka mitatu, masika moja, aliamka na homa. Barabara ilikuwa imekatika kwa maji, na lilipopatikana gari la kuwazungusha njia ya juu, mtoto alikuwa ameshanyamaza. Makaburi ya Wakristo hayakufikika. Jirani yao, Mzee Hamisi, na mkewe, Bi Mwanaisha, wakatoa pembe ya shamba lao la mikorosho, na Esta akazikwa pale.

Mathayo aliomba uhamisho, wakarudi mjini, Veronika akaendelea kufundisha Uraia sekondari. Mungu hakuwapa mtoto mwingine. Veronika alikuwa Mlutheri wa Njombe, kwao wanajua kufiwa na wanajua kufariji, lakini kila aliyekuja kumpa pole alimwambia kwamba Mungu alimpenda Esta zaidi, naye alichoka kumsikia huyo Mungu aliyempenda mtoto wake kuliko yeye mama. Akaacha kwenda kanisani. Jumapili alifua nguo, zikiisha alifua mapazia.

Rehema, mwalimu wa Baiolojia, ndiye aliyemwalika kwenye kikundi kidogo cha Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale ambao watu huwaita Wamormoni. Walikutana kwenye nyumba ya kupanga nyuma ya maduka ya Chikongola: viti vya plastiki, kinanda kimoja, na kitambaa cheupe juu ya meza ya mkate na maji. Vijana wawili wamisionari, mashati meupe na tai, walifika nyumbani kwao na kukaa ukingoni mwa kochi. Mmoja wao, Mkenya mwenye sauti ya chini, alisema familia inaweza kuunganishwa hekaluni, na kwamba muungano huo kifo hakiuvunji.

"Na mtoto aliyekwisha kufa?" Mathayo aliuliza.

"Naye ataunganishwa nanyi. Siku ya ufufuo mtampokea akiwa mdogo vilevile, nanyi mtamlea."

"Tutamlea?" Veronika alisema.

"Ndiyo, Dada. Ni wenu."

Tangu msibani hakuna aliyekuwa amemwambia hivyo. Walibatizwa wote wawili miezi michache baadaye. Kanisa hilo hukataza pombe na chai; Mathayo aliacha bia bila kelele. Veronika aliacha chai, na hiyo ilikuwa kazi zaidi, kwa maana hakuna nyumba Mtwara utakayoingia usitengewe kikombe. Akawa anaimbisha nyimbo, akawafundisha kina mama, akajua nani anaumwa na nani amefukuzwa kazi. Jumapili ikawa ndiyo siku anayoingoja. Kila mwaka akienda Kilambo kupalilia kaburi, alipalilia kama mtu anayefagia chumba cha mtoto aliye safarini.

Sasa huko kiongozi wa tawi huitwa Rais, na Rais wao alikuwa Emmanueli, mtu wa bandarini, mpole, mwenye kicheko cha ghafla. Jumapili moja alifundisha juu ya kuwatii watawala, kwani kanisa lao lina tamko la imani kuhusu jambo hilo. Katika kufafanua akasema walioingia barabarani mwaka ule wa vurugu za bomba la gesi hapo Mtwara walikuwa wameacha utii kwa Mungu.

Veronika alinyoosha mkono. Mwaka huo alikuwa mwalimu mgeni, hajaolewa, na alikuwa amelala sakafuni siku nzima kwa kuogopa risasi, yeye na familia ya mwenye nyumba, mlango umezibwa kwa kabati.

"Rais, mimi nilikuwepo," alisema. "Watu walitaka kuulizwa tu. Gesi iko kwao, bomba linapita mashambani kwao, wakataka waulizwe. Mungu anakasirika vipi hapo?"

"Dada Veronika, siasa tuiache nje ya mlango."

"Lakini si wewe uliyeingia nayo?"

Watu walicheka kidogo, Emmanueli naye akacheka, somo likaendelea. Veronika hakucheka. Darasani kwake aliwafundisha watoto kwamba raia ana haki ya kuuliza. Jumapili alikuwa akikaa kwenye kiti cha plastiki na kuambiwa kuuliza ni uasi.

Hilo angeweza kulimeza. Lililomkwama lilikuja baadaye, tena kwa mtu aliyempenda.

Walifika Mtwara wazee wawili kutoka Amerika, mume na mke, waliokuja kulitembelea tawi kwa majuma machache. Mama yule aliitwa Dada Hansen. Veronika aliona vibaya kumwita mtu wa umri ule dada, akataka kumwamkia shikamoo, lakini kuitana dada ndiyo desturi ya kanisa. Siku moja alimkaribisha nyumbani, wakawa wanamenya mihogo jikoni, wakiongea Kiingereza. Dada Hansen alikuwa na furaha. Alisema kuona tawi la Waafrika pekee kulimkumbusha siku moja ya ujana wake, mwaka sabini na nane. Walikuwa njiani wakasikia habari redioni. Mumewe akasimamisha gari kando ya barabara, wakashikana mikono, wakalia kwa furaha.

"Habari gani hiyo?" Veronika aliuliza.

"Kwamba nabii amepokea ufunuo. Kwamba na watu weusi sasa wanaweza kupata ukuhani, na kuingia hekaluni, na kuunganishwa na familia zao."

Kisu cha Veronika kilisimama kwenye muhogo.

"Kabla ya hapo?"

Ndipo Dada Hansen alipoelewa kwamba mwenyeji wake hakuwa akijua. Akaweka kisu chini. "Kabla ya hapo, hapana," alisema.

"Kwa nini?"

"Hatujui. Zamani wako waliosema ni laana ya Kaini, wengine wakasema mengine. Kanisa limeshayakana maneno hayo. Kwa kweli, mpenzi wangu, hatujui." Akamshika mkono. Mikono yote miwili ilikuwa na utomvu wa mihogo. "Nilidhani wameshawaambia."

Mathayo aliposimuliwa alisema mambo ya kale yamepita, Mungu ameyarekebisha, na wao wamezaliwa upande mzuri wa ufunuo. Hakuwa mjinga, Mathayo. Veronika aliona jinsi alivyolichukua jambo lile na kuliweka mahali pa juu usipofika mkono wake mwenyewe, kwa sababu alimtaka mwanawe.

Naye Veronika alimtaka. Ndiyo maana alikaa miaka miwili zaidi. Aliimbisha, alifundisha, alitembelea wagonjwa, na kila walipoimba wimbo wa familia kukaa pamoja milele, sauti yake ilikuwa ya kwanza kupanda na ya mwisho kushuka.

Kisha hekalu likafunguliwa Nairobi. Zamani ilikuwa lazima kwenda Afrika Kusini, na Mathayo alikuwa ameshaikatia tamaa safari hiyo. Nairobi ni safari ya basi tu. Akaomba likizo. Akanunua shati jipya jeupe, na gauni jeupe kwa Veronika, akalitundika nyuma ya mlango wa chumbani. Alianza kusema "tukishaunganishwa" kama watu wasemavyo "tukishavuna".

Hakuna aingiaye hekaluni bila kuhojiwa kwanza na kiongozi wake. Veronika alijua maswali, na alijua kila jibu ni neno moja. Njia nzima hadi Chikongola alilifanyia mazoezi neno hilo. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Mathayo alibaki nje kwenye benchi.

Emmanueli alimuuliza kuhusu imani yake kwa Mungu, akajibu ndiyo, na ilikuwa kweli. Akamuuliza kama anawakubali manabii wa kanisa kuwa wasemaji wa Mungu. Veronika akafungua mdomo.

"Rais," alisema, "Esta angekufa mwaka sabini na saba, angekuwa wangu?"

Emmanueli hakujifanya hakuelewa.

"Sijui, Dada."

"Mungu wa sabini na saba ndiye huyuhuyu?"

"Ndiye."

"Basi kama alimkataa mtoto wangu wakati ule, siwezi kumwamini akinipa leo. Na kama hakumkataa, waliosema amemkataa walikosea, na hakuna aliyewahi kuniambia samahani. Ningependa sana kusema ndiyo. Nimekuja hapa nikiwa nataka kusema ndiyo."

"Mimi pia nimemuuliza Mungu jambo hilo," Emmanueli alisema polepole. "Nimepiga magoti, nimeuliza. Mimi nimeamua kungoja jibu nikiwa ndani."

"Nami naona nitangoja nikiwa nje."

Veronika alitaka Rais aseme kitu kingine, amzuie, amkemee hata. Emmanueli alitoa leso, akafuta uso, akasema, "Tutakukosa kwenye nyimbo." Hapo ndipo Veronika alipolia.

Walirudi nyumbani kwa miguu, Mathayo mbele kidogo, yeye nyuma. Bila mke, Mathayo angeweza kuingia hekaluni kwa ajili ya nafsi yake tu. Esta asingeweza kuunganishwa na baba peke yake. Wote wawili walijua, na hakuna aliyelitamka hadi walipofunga mlango.

"Ungesema ndiyo tu," Mathayo alisema. "Neno moja, Mama Esta."

"Ungetaka tumpate kwa uongo?"

"Ningetaka tumpate."

Hakupaza sauti. Angepaza, angemrahisishia mkewe. Alilitoa gauni nyuma ya mlango, akalikunja vizuri kwa mikunjo ya mtu asiyezoea kukunja nguo za kike, akaliweka chini kabisa ndani ya sanduku.

Likizo ya shule ilipofika, Veronika alikwenda Kilambo peke yake. Bi Mwanaisha alimkuta pembeni mwa kaburi, jembe mkononi, hapalilii.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Baba Esta hajambo?"

"Hajambo."

Veronika alimweleza, kwa kifupi, kwamba ametoka kwenye dini ile iliyokuwa imemwahidi kumrudishia Esta. Bi Mwanaisha alisikiliza huku aking'oa magugu. Mambo ya Wamormoni hakuyajua, na hakujaribu kuyafumbua.

"Basi utamwombea vipi sasa?" aliuliza.

"Sijui."

"Haya. Sisi tukipita hapa tunamsalimia. Wajukuu wangu wanamwita jirani." Akamkabidhi fungu la magugu akayatupe. "Shika hilo, lina miba."

Walimaliza kupalilia, wakaingia ndani, akatengewa chai. Aliinywa. Ilikuwa tamu mno na ya moto, na haikuwa na ladha aliyoikumbuka.

Mjini Jumapili zilirefuka. Alijua tangu mapema kwamba hakubaliani nao, lakini hakujua kwamba kutokubaliana hakupunguzi hamu. Jumapili moja alikwenda sokoni Chikongola kununua nyanya, ingawa nyanya zipo mtaani kwao, akasimama kwenye meza iliyo karibu na nyumba ile. Walikuwa wanaimba. Aliyeimbisha badala yake aliwavuta taratibu mno, ubeti wa pili ukawa unakokota miguu, na Veronika akajikuta anapiga mdundo kwa kidole juu ya nyanya za watu ili wachangamke.

Rehema alitoka nje kumtuliza mtoto wa mtu, akamwona. Akavuka uchochoro.

"Njoo tu ukae, Vero. Hakuna atakayekuuliza kitu."

"Nikikaa nitalia, nanyi mtadhani nimetubu."

Rehema hakuondoka. Walisimama pamoja, mtoto akimchezea Veronika kitenge, hadi wimbo ukaisha na mlango ukafungwa kwa ajili ya sala.

Mathayo alikwenda Nairobi. Alikwenda na Emmanueli na wengine wachache, baada ya kusitasita sana, na Veronika ndiye aliyempangia begi na kumpigia pasi lile shati. Alimsindikiza stendi. "Uvae sweta," alimwambia, "huko kuna baridi."

Aliporudi, alioga, akala wali na samaki, akauliza habari za shule. Veronika alisubiri hadi alipomaliza kunawa mikono.

"Kukoje?"

"Kuzuri. Jengo jeupe, nyasi zimekatwa vizuri. Maua mengi. Watu wanaongea polepole."

"Na ndani?"

"Ya ndani hatuyasemi nje."

"Najua. Nimeuliza tu."

Mathayo aliutazama mkono wake juu ya meza. Hakuwa na hasira, na wala hakuwa na ule mng'ao wa mtu aliyekuta alichokifuata.

"Baba Esta, uliona watoto?"

"Niliona. Familia moja ya huko huko Kenya. Walitoka mlangoni wamevaa nyeupe wote, baba, mama, na wasichana wawili. Yule mdogo alikuwa anakimbia kwenye nyasi, kiatu kikamvuka, baba yake akarudi kukitafuta."

"Alikipata?"

"Alikipata. Akapiga goti hapo hapo akamvalisha, na suruali yake nyeupe."

"Mtoto alikuwa anasema nini?"

"Alikuwa anamgombeza baba yake. Kwamba anachelewa."

Veronika alicheka, na Mathayo, ambaye hakuwa ametabasamu tangu ashuke kwenye basi, naye akacheka. Mkewe akasogeza kiti karibu na chake.

"Nieleze tena," alisema. "Anzia pale walipotoka mlangoni."