Zubeda na Kabila la Ugonjwa Wake

Saa kumi na mbili asubuhi, mjini Baraka. Zubeda anainama kando ya ziwa, anatandaza ndagala, dagaa wa huku, juu ya mchanga kwa kiganja, taratibu, kama anayetandika kitanda cha mgeni. Leo hata kunguru wanaodokoa hana habari nao. Macho yake yako majini: anamngoja muuguzi Élie arudi kutoka Tanzania, ng'ambo ya ziwa.

Vita ya huku kwao imeshamkimbiza Zubeda mara mbili hadi Tanzania. Safari ya mwisho, madaktari wa huko walikwangua uvimbe kwenye kibofu chake cha mkojo, wakapeleka kipande kikapimwe. Élie ameenda kufuata jibu.

Damu ilianza mwaka jana. Zubeda ana miaka hamsini na sita, hedhi ilishakoma zamani. Jamani, wenzake wa sokoni walivyomshangilia!

"Balisema, 'We Zubeda, usichana umerudi, bwana yako aongeze mahari!'" Anacheka, kisha anafuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Na mi nilicheka nabo. Kumbe ni mukojo ilikuwa inatoka na damu."

Kicheko hicho kilimchelewesha miezi mingi.

Élie alipomweleza ugonjwa, nusura wakosane. "Mama, kansa ya kibofu iko na makabila. Tungoje tujue yako ni ya kabila gani."

Zubeda alisimama wima. Swali hilo ameulizwa kwenye kila kizuizi cha wenye bunduki kwenye njia ya Fizi, roho mkononi.

"Hata ndani ya kibofu yangu banauliza kabila?"

Maskini Élie! Alitaka kusema aina ya chembe, yaani seli, za uvimbe. Akaokota samaki kumwonyesha. Kuna chembe bapa kama magamba. Hizo mara nyingi hukutwa zimeshazama kwenye nyama ya kibofu, na wengi hawaishi sana. Kuna za utando wa ndani. Hizo nyingi hukutwa bado ziko juujuu, na mgonjwa ana matumaini zaidi.

Mtumbwi wa injini unagusa mchanga. Élie anaruka kabla haujafungwa, suruali chapachapa.

"Mama Zubeda! Haiko ya magamba! Na haijaingia kwa nyama!"

Zubeda anakaa palepale, juu ya ndagala zake. Kunguru wanajilia tu.

"Itarudi?"

"Inaweza kurudi. Ndiyo maana utavuka bakuangalie, kila miezi tatu."

"Na vita hii?"

Élie anainama. Anamshika mkono, anamwinua.

"Nitavuka," anasema Zubeda, akikung'uta mchanga kwenye kitenge. "Na bakiniuliza kabila kwa njia, nitabaambia: mi ni wa kabila ya benye kubakia bazima."