Shoka la Kogo kwenye Lango la Bustani

Nilipokuwa mtoto, kwetu hatukuogopa nyoka wala giza kama tulivyoogopa mvua ya mawe. Ukiishi Kericho utanielewa. Asubuhi jua linawaka na chai inang'aa vilima vizima, mchana mbingu inageuka rangi ya sufuria kuukuu. Mawe yakianza, mimea ya miezi mingi inasagika kabla maji ya chai hayajachemka.

Kogo, yaani nyanya yangu mzaa baba, alikuwa na dawa yake: shoka. Mawingu yakitisha, alilipaka jivu la mekoni, akasimama mlangoni pake, akalirusha uani na kumwamuru Ilat, mwenye radi, anyamaze. Alifundishwa hivyo na mama yake. Baba, mzee wa kanisa, alijifanya haoni, ingawa siku moja nilimsikia akiuliza kwa sauti ya chini kama shoka liko karibu.

Tuliishi katika nyumba za wafanyakazi wa chai, mlango ukitazamana na mlango, bila nafasi hata ya kupanda kitunguu. Basi Kogo akajipatia shamba kwingine. Katika bustani ya umma, ile ya miti na maua pembeni mwa mji, watu waliojitolea waligawiwa matuta ya kutunza. Tuta lake lilikuwa karibu na bwawa, naye alilipanda dalia, yale maua makubwa mekundu yanayoota kutokana na viazi vyake. Kiangazi tulivifukua viazi hivyo, tukavipaka jivu visioze, tukavilaza ndani ya debe chini ya kitanda changu. Mvua za Machi zikinukia tu, tulivirudisha udongoni. Hakuna kazi niliyoipenda kama ile. Nilikuwa nalala juu ya maua, na nilijua hivyo, na nilijivuna shuleni.

Mwaka ambao anti Cherono, dada mdogo wa baba, aliolewa, Kogo hakudai chochote katika maandalizi isipokuwa jambo moja. Picha za harusi zipigwe kwenye dalia zake.

"Huyu ni kitinda mimba wangu," alisema. "Sina ng'ombe wa kumpa, sina shamba. Niko na haya maua tu."

Msimu mzima tuliyahudumia kama wagonjwa. Harusi ilikuwa Agosti, na wiki ile yalichanua yote kwa pamoja, makubwa kushinda uso wangu. Sasa fikiria siku yenyewe. Mchungaji alihubiri, akamaliza, kisha akakumbuka jambo jingine. Tulipotoka kanisani, upande wa msitu ulikuwa umekwisha kuwa mweusi. Kogo alinishika mkono, tukapitia nyumbani, akatoa shoka uvunguni, akalifunga kwa leso na kulitia kwenye kiondo.

Langoni tulimkuta Mogaka, askari wa bustani, mtu wa Kisii aliyependa sheria kuliko chakula. Alifungua kiondo, akafungua leso, akanyoosha kidole kwenye kibao cha kukataza mashoka kando ya lango.

"Kogo, hii shoka haiingii. Hapa ni kwa miti."

"Siendi kukata."

"Sasa inaenda kufanya nini kwa harusi?"

"Kunyamazisha mvua ya mawe."

Mogaka alinitazama mimi, kana kwamba mtoto ndiye angempa maelezo ya maana. Kisha akalichukua shoka na kuliweka nyuma ya mlango wa kibanda chake. Akasema tutalipata tukitoka. Kogo hakubishana, jambo ambalo lilinitia wasiwasi zaidi ya mawingu.

Bibi harusi aliwasili na mpiga picha wake. Hata hatujafika bwawani, jiwe la kwanza likagonga bati la kibanda, likafuata la pili. Tukarudi mbio sote, gauni jeupe limebebwa na watu watatu, tukajibana chini ya paa la langoni. Anti Cherono akaanza kulia, poda ikateremka. Kogo hakumtazama. Alitazama ng'ambo ya bwawa, kwenye ule wekundu, akiikunja na kuikunjua ile leso tupu. Sikuwahi kumwona hivyo. Nilitaka kukimbia nikayafunike maua kwa mwili wangu.

"Mogaka," aliita, "toa shoka."

"Kogo, mimi niko kazini."

"Sirushi mimi. Shoka inarushwa na mwenye mlango. Huu mlango ni wa nani?"

"Ni wa serikali."

"Serikali iko wapi saa hii?"

Watu wakacheka, hata bibi harusi, machozi yakiwa bado mashavuni. Mogaka alitazama barabarani kana kwamba serikali ingetokea kwenye kona. Kisha aliinama kwenye mafiga alikochemshia chai yake, akachota jivu, akalipaka shoka pande zote mbili. Nani alimwonyesha, sijui. Labda kwao pia wana mvua ya mawe.

"Sasa niseme nini, na mimi ni Mkisii?"

"Sema tu. Mvua inajua lugha zote."

Akalirusha. Lilianguka kwenye nyasi, chini kabisa ya kile kibao cha kukataza mashoka.

"Nyamaza," Mogaka akasema, kwa sauti aliyozoea kufukuzia watoto. "Hapa kuna harusi."

Najua kwamba kwetu mvua ya mawe huweza kuja na kuondoka kama mgeni aliyekataa chai. Lakini nilikuwepo. Mawe yalipungua, yakawa matone, kisha jua likatoka na bustani nzima ikaanza kufuka mvuke. Tulikwenda bwawani polepole, kwa hofu. Dalia chache zilikuwa zimevunjika shingo. Nyingine zote zilisimama, zimejaa maji, nyekundu kupita asubuhi. Kogo alipiga vigelegele peke yake hadi bata wakaruka.

Picha ile ninayo ukutani. Bibi harusi, bwana harusi, maua, Kogo, mimi nikiwa na matope hadi magotini, na askari mwenye shoka. Kogo alikataa kupigwa picha bila Mogaka. Pia alikataa kuondoka na shoka. Alisema likae palipo na mlango. Mwaka uliofuata tulimkuta Mogaka amepanda maua pande zote mbili za lango, akiwaambia watoto, "Msikanyage maua yangu." Zamani alikuwa anasema ya serikali.

Kogo amepumzika sasa, na Mogaka amestaafu. Tuta nimelirithi mimi. Machi hii nilikwenda na binti yangu kurudisha viazi udongoni. Langoni askari mpya, kijana nisiyemjua, alipekua mfuko wangu.

"Madam, hii ni nini?"

"Jivu."

Akanitazama, akatazama mawingu juu ya msitu, akashusha sauti.

"Shoka iko nyuma ya mlango. Mzee Mogaka alinipea pamoja na funguo."

Binti yangu aliniuliza kama kweli shoka huzuia mvua. Nilimwambia sijui, na ni kweli sijui. Ninachojua ni kwamba siku ile bustani isiyokuwa ya mtu ilipata mwenyewe, na hadi leo haijamkosa. Mawingu yalikwenda zao. Tukashuka bwawani kupanda.