Nasaba ya Kompyuta ya Madrasa

Kosa lilikuwa langu, na nililifanya kwa makusudi. Kompyuta ya madrasa ya baba mkubwa, ile madrasa iliyo nyuma ya maduka ya Nakivubo, ilikuwa inafanya kazi vizuri tu bila mapambo. Lakini mimi, mwanamke mzima ninayekula kwa kutunza mitambo ya watu, nikashindwa kujizuia. Nikaiwekea picha ya kujitokeza kila inapowashwa: kijitu chekundu chenye pembe mbili na mkia, kimeshika uma mrefu, kimevaa raba. Ndiyo alama ya ukoo wa programu niliyoipandikiza humo. Nilijua baba mkubwa haoni kitu bila miwani, na miwani yake hukaa kila mahali isipokuwa usoni.

Nilimsahau mjumbe wa kamati ya madrasa. Huyu bwana anauza mivumba, yaani nguo za mtumba, sokoni Owino, na ana macho ya kuona suruali iliyotiwa kiraka akiwa ng'ambo ya barabara. Siku hiyo alikuja baada ya swala ya Alasiri kutia saini barua fulani. Umeme ukakatika, ukarudi, na kompyuta ikajiwasha yenyewe mbele ya pua yake.

"Mwarimu!" alipiga ukelele. "Hii kompyuta iko na sitaani! Iko na pembe, iko na mukia, na imevaa raba!"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikamsikia anasema itolewe leo hii na ichomwe moto, na kicheko kikanikauka. Humo ndani mlikuwa na sauti ya bibi yangu.

Bibi, mama yao baba na baba mkubwa, alisomesha wasichana wa mtaa kwa miaka mingi, na masomo yake yalirekodiwa kwenye kanda. Anasoma aya, anaifafanua, halafu anakatiza kumkemea mtu anayetafuna karanga. Kanda zilipoanza kuota ukungu, baba mkubwa aliniita nizihamishie kwenye kompyuta. Nyingine zilikatika mara tu nilipomaliza kuzinakili. Akanipa sharti: nakala moja, na isitoke hapa. Mtu wa kazi yangu akiambiwa "nakala moja" hapati usingizi, lakini sharti lile halikunihusu mimi. Lilimhusu baba yangu.

Ndugu hawa wawili waligombana siku ya maziko ya mama yao. Waligombea nani amswalie. Mkubwa akatangulia mbele, mdogo akasema maneno mbele za watu, na wiki haikuisha madrasa waliyokuwa wakifundisha pamoja ikabadilishwa kufuli. Baba akahamia Luzira, akafungua darasa lake barazani, masomo yaleyale na ukali uleule. Miaka sita hawajasemezana. Alichokitamani baba ni kimoja tu, kumsikia mama yake tena, na mimi ningeweza kuiba nakala na kumpelekea kwa amri moja ya mstari mmoja. Nilipomdokezea, alinikata: "Cha kuiba sisikilizi. Anipe mwenyewe." Ukaidi wao unanichosha, na nimeurithi wote.

Basi nikasimama kati ya kompyuta na muuza mivumba, nimeshika ufagio, sijui wa nini. Baba mkubwa akainua mkono. Yeye ni mwalimu wa hadithi za Mtume, na hakubali kauli mpaka ajue imepitia vinywa vya nani.

"Hatuchomi kitu ambacho hatujui asili yake," alisema. "Keti, mwanangu. Nitajie nasaba yake. Nani kapokea kwa nani?"

Nikakaa mkekani, nikaanza. Babu wa ukoo, nikasema, ni Unix, aliyezaliwa Marekani katika maabara ya kampuni ya simu. Chuo kikuu kimoja cha California kikapewa nakala.

"Aliyetoa na aliyepokea walikutana uso kwa uso?"

"Walikutana, baba mkubwa. Mmoja wa waasisi alikwenda chuoni hapo kufundisha mwaka mzima."

"Endelea."

Wanafunzi na walimu wa chuo wakaongeza yao, wakayatia kwenye kanda na kuwatumia wenzao, na tawi hilo likaitwa BSD. Wakabadilisha vipande vya kale kimoja kimoja, mpaka vya kampuni vikabaki vichache mno. Hapo ndipo wakapelekana mahakamani na kampuni.

"Alaa!" Baba mkubwa aliipapasa miwani mfukoni, akaivaa. "Kumbe kuna shaka katika mapokezi."

"Ilisafishwa. Katika maelfu ya mafaili, yaliyoondolewa ni matatu. Mengine machache yakarekebishwa."

"Matatu." Alitikisa kichwa, ameridhika. Nadhani anazijua riwaya za hadithi zenye madoa zaidi ya hayo.

Muuza mivumba alikuwa ameshakaa mkekani. "Na pembe, Mwarimu?"

Nikaeleza kwamba mule ndani mna vitumishi visivyoonekana, vinavyofanya kazi bila kuitwa, na kwa Kiingereza jina lao hutamkwa kama la pepo, basi wachoraji wao waliona wavichore hivyo. Baba mkubwa akasema picha itoke, kompyuta ibaki. "Na raba?" akauliza muuza mivumba. Na raba, akajibiwa.

Ningeweza kuishia hapo. Kompyuta ilikuwa imepona. Lakini baba mkubwa aliuliza kuhusu wajukuu, na sitadai kwamba sikujua nilichokuwa nafanya. Nikamtajia FreeBSD, ambayo ndiyo hii yetu, na NetBSD, inayokubali kukaa kwenye mashine yoyote hata kuukuu. Kisha nikasema kwamba ndani ya NetBSD waliokuwa wakijenga pamoja waligombana, na mmoja wao akanyang'anywa funguo.

Baba mkubwa akaisukuma miwani juu ya pua.

"Akachukua nakala ya kila kitu," nikaendelea, "akaanzisha nyumba yake, OpenBSD."

"Na sasa hawasemezani?"

"Hawakai nyumba moja. Lakini mmoja akiziba tundu la usalama, mwenzake huchukua kiraka hicho akakitia kwake. Na nyumba ya yule aliyetolewa ndiyo iliyotengeneza ufunguo ninaoingilia kwenye kompyuta hii kila siku. Hata waliomtoa wanautumia."

"Wanachukuliana hivyo kwa sharti gani?"

"Chukua, nakili, badilisha, gawa. Usifute tu majina ya waliokutangulia."

Alinitazama mpaka nikaona haya. "Wewe ni mjanja kama baba yako," alisema. "Na yeye alikuwa hajui kuficha." Kisha akanyoosha kidole. "Washa hiyo programu ya kurekodia."

Kesho yake nilikuwa Luzira. Nilimwekea baba simu mezani na kumwambia kwamba amepewa, hakuibiwa mtu. Alikaa wima kana kwamba mama yake angeingia mlangoni. Lakini sauti ya kwanza haikuwa ya bibi.

"Masomo haya nimeyapokea kwa mama yetu," alisema kaka yake, "naye aliyapokea kwa baba yake. Nampa ndugu yangu ayanakili na ayafundishe. Asifute jina." Kisha kikohozi, kirefu, cha kutoka ndani kabisa, halafu bibi akaanza kusoma.

Baba alisimamisha. Akaniambia nirudishe mwanzo. Nikarudisha. Alisikiliza mpaka kwenye kikohozi, akasimamisha tena kabla mama yake hajafungua kinywa, akaniomba nirudishe mara ya tatu. Nilianza kumwambia kwamba bibi yuko mbele kidogo, asubiri tu.

"Mama nitamsikia," alisema. "Huyu anakohoa hivi tangu lini?"

Nikamwambia tangu mvua zianze.

"Na hamkuniambia," alisema baba, akainuka kutafuta kofia yake.